Ufaafu wa Gari Barabarani

Neno la Kiingereza roadworthiness limeingia kwenye Kiswahili cha ofisini kwa njia ya kuzunguka. Utasoma "hali ya gari kufaa kutumika barabarani", au "ubora wa gari", au "usalama wa chombo". Mafundi na madalali hawana muda huo: kwao gari ni zima au ni bovu, basi. Mimi napendekeza ufaafu, na upimaji wake uitwe ukaguzi wa ufaafu. Nalipigania neno hili kwa sababu maneno mawili tuliyoyazoea, uzima na uchakavu, yanataja mambo mengine, na anayeyachanganya huweza kupanda na watoto wake kwenye gari ambalo halikustahili kutoka uani.

Dalali akikwambia shangingi la mwaka 2004 ni zima, ana maana kwamba injini inawaka mara moja, gia zinaingia na eisi inapoza. Hadanganyi. Ila mkaguzi hashughuliki sana na hayo. Yeye huingia chini ya gari na tochi.

Uchakavu nao ni neno la forodha. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8. Tanzania huliruhusu, lakini hulitoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Sheria zote mbili huhesabu miaka, na miaka peke yake haisemi mengi: gari la miaka 7 lililopigwa na mashimo kila siku laweza kuwa limelegea kuliko la miaka 15 lililotunzwa. Ufaafu hupimwa siku ya ukaguzi, chombo kikiwa kama kilivyo. Ndiyo maana nchi zilizouchukulia kwa uzito huurudia upimaji. Japan, kunakotoka sehemu kubwa ya magari yetu, gari jipya la binafsi hupelekwa kwenye ukaguzi uitwao shaken baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Uingereza ilianza mwaka 1960 kwa magari yaliyofikisha miaka 10, na kufikia 1967 umri huo ulikuwa umeshushwa hadi miaka 3.

Tangu Mei 2018 wakaguzi wa Uingereza hugawa kasoro katika madaraja matatu: ndogo, kubwa na za hatari. Gari lenye kasoro ndogo hufaulu, mwenyewe akaonywa. Kubwa huliangusha. Ya hatari hulizuia kuendeshwa mpaka litengenezwe. Nimetumia kasoro kwa makusudi, maana kasoro hukubali madaraja, ilhali ubovu umezoeleka kuhukumu gari zima kwa mpigo mmoja.

Sasa tuje kwenye neno ambalo kwa gari la juu lililozeeka ndilo zito kuliko yote: mlegeo. Gereji husema "gari linacheza", na kila mtu huelewa, lakini mchezo kama istilahi huleta utata. Tena mlegeo utofautishwe na nafasi. Nafasi ni uwazi aliouacha mtengenezaji kwa kukusudia, kama ule mdogo unaouhisi ukigusa usukani kabla magurudumu hayajaitika. Mlegeo ni uwazi ulioletwa na kulika.

Magari haya huupata mapema kwa sababu ya uzito na matumizi. Prado ya toleo la 120, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009, inakaribia tani 2 hata kabla ya kupakia kitu. Mwenyewe akiongeza tairi pana na kuinua springi ili gari lionekane limesimama vizuri, bolijointi hulazimika kufanya kazi kwa pembe isiyo yake, na bushi huanza kupasuka. Mkaguzi hunyanyua magurudumu ya mbele kwa jeki, akashika tairi juu na chini na kulitikisa. Likicheza, ni beringi ya gurudumu au bolijointi. Kuzitenganisha, humwomba msaidizi akanyage breki: mlegeo ukipotea, tatizo ni beringi, ukibaki, ni bolijointi. Kisha hushika kushoto na kulia, na hapo tairodi endi hujisema zenyewe.

Dereva mara nyingi hana habari. Usukani wa pawa humeza mitikisiko midogo, na kwa kuwa mlegeo huongezeka polepole, mikono huuzoea. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko moshi, kelele au rangi iliyobabuka. Bolijointi ya chini ikichomoka, gurudumu hulala chini ya bodi na usukani hauna tena la kufanya, uwe mwendo wa 20 au wa 100.

Kwenye breki, mwenye gari husema "zinashika". Mkaguzi anataka kujua zinashika kiasi gani, na kama kulia na kushoto zinalingana. Kwa gari la umri wa Prado hiyo, Uingereza hudai breki ya mguu itoe nguvu isiyopungua asilimia 50 ya uzito wa gari, na handibreki asilimia 16. Handibreki ndiyo huangusha wengi, hasa kwenye gia za otomatiki: dereva huweka P tu mwaka mzima, waya zikaganda kwa kutu. Na hapa kuna tahadhari kwa vituo vyetu. Gari linalozungusha magurudumu yote wakati wote, kama Prado hiyo, halipandishwi kwenye mashine ya kawaida ya roli inayozungusha ekseli moja, kwani difu ya katikati huweza kuharibika au gari likaruka nje ya roli. Hupimwa barabarani kwa kifaa kinachosoma kasi ya kupungua kwa mwendo.

Kutu ya chasisi sitaieleza kwa kirefu, isipokuwa kwa mnunuzi wa Mombasa, Tanga au Zanzibar ambako hewa yenyewe ina chumvi: rangi nyeusi iliyopakwa upya chini ya gari kuukuu isikutulize. Gonga kwa nyundo ndogo usikilize. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu. Tairi nazo zisikaguliwe kwa kipara tu. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho wa msimbo wa DOT. 3414 ina maana tairi lilitengenezwa wiki ya 34 ya mwaka 2014, na mpira wa umri huo hupasuka hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Nimebakiza taa, kwa kuwa zinaonyesha kwa nini istilahi ibebe neno barabarani. Japan huendesha upande wa kushoto, kama Kenya, Tanzania na Uganda, hivyo taa zake za mwanga mfupi hurusha mwanga zaidi upande huo, kwenye ukingo wa barabara. Lichukue gari hilohilo, taa zikiwa safi na balbu mpya, ulipeleke Bujumbura, Kigali au Bukavu ambako huendeshwa kulia: mwanga uleule unamwingia machoni dereva anayekuja. Taa ni nzima, hazina uchakavu, na hazifai. Kuzirekebisha kwa kuinamisha mwanga chini hakutoshi, kwa sababu umbo la mwanga limechongwa ndani ya taa yenyewe. Hubadilishwa taa yote, kulia na kushoto, kwa iliyotengenezewa nchi zinazoendesha upande wa kulia.