Gari la zamani la Kijerumani: usikimbilie kuliwasha

Kuna magari yanayosimama miaka mingi ndani ya parseli bila kuguswa. Ukikuta Mercedes 123 ya nyuma ndefu, ile ya familia, usiione kama vyuma vya kuuza kwa kilo. Lakini usilete batri siku hiyo hiyo. Motere nyingi zinaharibika siku ya kwanza ya kuamshwa.

Gari hilo lilitengenezwa Bremen, Ujerumani, toka 1978 hadi 1986. Zile za mazutu, 240 TD na 300 TD, zinajulikana kwa motere inayovumilia. Chuma chenye mafuta kinadumu. Bati na mipira ndivyo vinaoza.

Mfano mkubwa uko hapa kwenye ziwa letu Tanganyika. Meli Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa makasha 5.000 hadi Kigoma. Julai 1916, Wajerumani walipokimbia, waliizamisha wenyewe. Lakini mbele ya kuizamisha, mafundi walipaka motere grisi nyingi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo bado inafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini. Ni meli hiyo iliyosaidia mwaka 1997 kurudisha wakimbizi wetu toka Kigoma.

Gari lililoachwa parselini, mara nyingi hakuna aliyelipaka grisi. Kwa hiyo fuata hatua hizi.

Kwanza, kabla ya kulipa, linganisha nambari ya shasi na ile ya kwenye karti roze. Kisha inua kapeti, choma chini kwa turnavisi. Ikiingia, bati limeoza, na kazi ya kusudia inaweza kupita bei ya gari.

Pili, mwaga mazutu na mafuta yote ya zamani. Fundi afungue injekta, atie mafuta kidogo ya motere ndani ya kila silinda, aache siku mbili. Baadaye azungushe motere kwa mkono, kwa kutumia ufunguo. Ikikataa, msilazimishe; aongeze mafuta na kungoja.

Tatu, amortisere za nyuma za gari hili zinafanya kazi kwa presha, na zina mafuta yao ya pekee. Ukitia mafuta mengine, mipira ya ndani inaharibika.

Nne, badilisha mipira ya breki yote na mafuta yake, hata kama kwa macho inaonekana mizima. Watu wengi wanamaliza pesa kwa motere na rangi, breki wanaziacha za mwisho. Toka Lubarika kwenda Bukavu, ukipita Kamanyola unapanda Ngomo, na kurudi utaishuka na familia ndani. Motere ikizimika njiani, mtasukuma. Breki zikikosa pale, hakuna la kufanya.