Neno 'kuuza' linapotosha katika mikataba

MIKATABA ya biashara itokayo ughaibuni aghalabu huwa na kifungu kinachodhibiti upelekaji wa bidhaa nje ya nchi. Nimeona watafsiri wakikiita 'kifungu cha mauzo ya nje'. Mintarafu ya istilahi hiyo nina shaka, na historia inaniunga mkono.

Mnamo 1949, Marekani ilipitisha sheria ya kudhibiti bidhaa zinazotoka kwake. Mwaka uo huo ikaafikiana na washirika wake wa Ulaya Magharibi kuunda Cocom, kamati iliyokuwa Paris, ili mitambo fulani isifike Usovieti.

Kisa kilichoitikisa kamati hiyo kilihusu jina tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Toshiba Machine ya Japani iliupelekea Usovieti mitambo ya kuchonga rafadha, yaani panga zinazosukuma nyambizi majini. Kompyuta za kuiongoza zilitoka Kongsberg, Norway. Mitambo hiyo ilikuwa marufuku. Basi katika ombi la leseni ikaandikwa kwa jina la mashine nyingine, duni, isiyokatazwa! Siri ilipofichuka 1987, wabunge wa Marekani waliiponda redio ya Toshiba kwa nyundo nje ya Bunge lao. Mwenyekiti na rais wa Toshiba yenyewe wakajiuzulu, ilhali aliyeuza ni kampuni tanzu.

Cocom ilivunjwa 1994. Vifungu havikuvunjwa.

Hebu sasa tutazame neno 'kuuza'. Kwa Mswahili, pasipo fedha hapana mauzo. Sheria ya Marekani haijali fedha. Ukituma mchoro wa kiufundi kwa baruapepe, umeupeleka nje. Kifaa chenye asili ya Marekani kikifika Nairobi, sheria ile bado inakifuata. Ukikipeleka bure kwa tawi lako la nchi nyingine, huenda ukahitaji leseni ya Washington. Mfanyabiashara aliyesoma 'mauzo' atajitetea, "Mimi sijauza, nimetoa tu." Utetezi huo hautamfaa kitu, na mtafsiri ndiye aliyempotosha.

Ninapendekeza 'kupeleka nje' na 'kupeleka tena nje'. Na huyu 'mtumiaji wa mwisho' tunayemkuta katika mikataba hiyo? Anasikika kama mtu anayekitumia kifaa kabla hakijatupwa jalalani. Anayekusudiwa ni yule ambaye kifaa kitakuwa mikononi mwake, akikifanyia kazi. Mimi ningemwita 'mtumiaji halisi'.