Sista, leza si itamchoma mwanangu? (Historia ya vifaa vya hospitali, sehemu ya 6)



Wiki hii mama mmoja kanitumia picha inboksi. Kichanga chake kina alama nyekundu shavuni tangu kuzaliwa. Akauliza: "Sista, wanasema inatolewa kwa leza. Si itamchoma mwanangu?" Swali zuri, maana ndilo lililowasumbua hata wataalamu kwa zaidi ya miaka 20. Twende taratibu.

Tarehe 16 Mei 1960, huko California, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza kwa kipande kidogo cha rubi. Nguvu yake ingepimwaje? Msicheke: siku zile watafiti walipanga nyembe, wakapiga mwali mara moja, wakahesabu zilizotoboka. Ikitoboa nyembe nne, leza hiyo ni ya "Gillette nne"!

Shida ni kwamba wembe uliotoboka haukwambii joto limekusanyika vizuri kiasi gani. Si mmeona watoto wakichoma karatasi kwa lenzi juani? Jua ni lile lile, kinachochoma ni kukusanywa mahali padogo. Halafu leza yenye nguvu nyingi inajiharibia yenyewe: jiwe lake linapata moto, katikati kuliko pembeni, basi linageuka kama lenzi na kupotosha mwali wake. Ndiyo maana mwaka 1990 Anthony Siegman wa Chuo Kikuu cha Stanford alipendekeza kipimo kinachoitwa M². Unapima upana wa mwali sehemu kadhaa njiani, unapata namba. Mwali bora kabisa ni 1. Namba ikipanda, mwali haukusanyiki vizuri.

Sasa turudi kwenye ngozi. Miaka ya 1960 mwanzoni, daktari wa ngozi Leon Goldman wa Cincinnati, Marekani, alianza kujaribu leza kwenye ngozi. Baadaye ikaja leza ya agoni kwa alama nyekundu kama ya mtoto wetu. Alama ilififia, ila mwanga wake ulikaa muda mrefu mno, joto likasambaa hadi kwenye ngozi nzima ya jirani. Wengine, hasa watoto, walibaki na makovu.

Mwaka 1983 madaktari Rox Anderson na John Parrish wakaeleza dawa yake: chagua rangi ya mwanga inayonyonywa na damu, kisha upige kwa muda mfupi kuliko ule ambao mshipa unahitaji kupoa. Wewe unayegeuza chapati kwa vidole unalijua hili. Ukigusa haraka huungui, ukichelewa unalia. Leza iliyotengenezwa kwa wazo hilo inapiga kwa muda usiofika hata elfu moja ya sekunde. Mwaka 1989 matokeo yake kwa watoto yalishachapishwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mama: ndiyo, inachoma, ila inachoma vijishipa vya damu, siyo mtoto. Ikipimwa vizuri!

Na hapa sisi wenye ngozi nyeusi tuwe makini zaidi. Weusi wa ngozi nao unanyonya mwanga huo, hivyo ngozi yetu inaungua kirahisi mashine isipopangwa kwa ajili yetu. Kabla hujakubali, uliza:

1. Hii ni leza ya aina gani, na mmeshaitumia kwa ngozi kama yetu?
2. Mtajaribu kwanza sehemu ndogo?
3. Ngozi itapozwaje, na macho ya mtoto yatakingwaje?

Wakikujibu kwa hasira, beba mwanao uondoke. Leza ya saluni isiyojulikana, usithubutu.

Halafu msikimbilie leza. Alama nyingine za vichanga hufifia zenyewe, kwa hiyo muone daktari kwanza. Alama ikiwa karibu na jicho, nenda mapema.

Mwenye swali aandike hapo chini, nikitoka shifti nitajibu.