Fedha Iliyogeuka Maji

Hapa kwetu Isansa, katika nyanda za juu za Mbozi, baridi ya Juni na Julai tunaijua vyema, lakini theluji hatuna. Wengi wetu tumeiona katika picha ya Kilimanjaro tu, ikiwa kama pambo la mlima. Historia inatueleza kwamba weupe ule umeua watu.

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, akisafiri kutoka upande wa Mombasa kwenda Uchagani, aliuona mlima huo. Alipomwuliza kiongozi wake kile cheupe ni kitu gani, alijibiwa kwamba ni "baridi" tu. Baadaye alisimuliwa habari za mtawala mmoja wa Machame aliyetuma watu wakaangalie kama kile king'aacho ni fedha. Akanusurika mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibika. Ilisemekana pia kwamba "fedha" hiyo ikishushwa bondeni hugeuka maji, na kwamba waliopotea kule juu wameuawa na majini.

Huko London, mwanajiografia W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kufika huku, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda kupita mita 4,000, na theluji ikamwangukia.

Ni rahisi kuyacheka majini. Lakini, msomaji, liondoe neno hilo uone kinachobaki: kitu cheupe ni maji yaliyoganda, baridi yake huua vidole na miguu, asiyejiandaa asipande. Yote hayo ni kweli tupu. Wachagga walikuwa wameyalipia kwa maisha ya watu, wakati bingwa wa vitabu hakuwa na hata moja kati ya hayo.

Hatari hiyo haijakwisha, ila imebadilika sura. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilometa za mraba zipatazo 12. Kufikia 2011 hazikutimia 2. Mtu angedhani mlima umekuwa mpole. Kumbe barafu ndiyo iliyoshikilia mawe, nayo ikiyeyuka mawe hubaki bila mshiko. Januari 2006, katika njia ya mwinuko wa magharibi, mawe yaliporomoka na kuwaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Njia ikafungwa kwa muda.

Wahenga walituusia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kule juu, mkuu ni yule mpagazi au kiongozi anayelala mlimani mwaka hadi mwaka. Akisema leo hapapitiki, hata kama hana maneno ya kitaalamu ya kueleza sababu, mgeni aliyelipa fedha nyingi afike kileleni hana budi kumsikiliza.