Ozymandias (kipindi cha Breaking Bad)

Ozymandias ni kipindi cha 14 cha msimu wa tano wa tamthilia ya Marekani Breaking Bad, kilichorushwa na AMC tarehe 15 Septemba 2013. Kiliandikwa na Moira Walley-Beckett na kuongozwa na Rian Johnson. Jina lake ni la soneti ya Percy Bysshe Shelley ya mwaka 1818. Wengi hukihesabu miongoni mwa vipindi bora kabisa katika historia ya televisheni, na ni sifa inayostahili.

Onyesho la ufunguzi, linalowarudisha wahusika wakuu, Walter White na Jesse Pinkman, jangwani katika siku zao za mwanzo, ndilo lililopigwa picha mwisho kabisa katika tamthilia nzima. Lilirekodiwa To'hajiilee, eneo la Wanavajo karibu na Albuquerque, palepale kipindi cha kwanza kiliporekodiwa. Baadaye katika Ozymandias, Walter anapovingirisha pipa la fedha zake jangwani, anapita suruali aliyoipoteza katika kipindi cha kwanza. Mtazamaji asiye makini haioni.

Jambo la kusisimua zaidi halikuandikwa na mtu. Katika onyesho la Walter na bintiye mchanga, Holly, ambaye amemchukua kwa nguvu kutoka kwa mamake, mtoto aliyeigiza alianza kuita "Mama" mwenyewe. Bryan Cranston, aliyeigiza Walter, hakusita: aliendelea kuigiza, akalipokea neno lile usoni, na uamuzi wa Walter wa kumrudisha mtoto ukapata uzito ambao mswada pekee usingeutoa.

Mwaka 2014, Walley-Beckett alishinda Tuzo ya Emmy ya uandishi kwa kipindi hiki.