Sindano Iliyofuatwa na Sindano Iliyobisha Hodi: Chanjo, Mwili na Idhini katika Kisiwa cha Mvita

Tarehe 21 Novemba 2021, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kenya, alitangaza kwamba baada ya mwezi mmoja mtu asiye na cheti cha chanjo ya korona hatahudumiwa ana kwa ana katika ofisi nyingi za serikali, kuanzia za ushuru na uhamiaji hadi kumtazama mgonjwa hospitalini. Tarehe 14 Desemba, Jaji Antony Mrima wa Mahakama Kuu alilisimamisha agizo hilo hadi kesi iliyowasilishwa dhidi yake isikizwe. Mjadala uliofuata uligawika pande mbili. Wa kwanza wakasema mahakama imeokoa uhuru wa mtu juu ya mwili wake. Wa pili wakasema imeuacha ujinga uwaue watu. Nadai kwamba pande zote mbili zilijibu swali ambalo watu wa pwani, angalau wale ninaowajua, hawakuwa wameliuliza.

Kilichonisukuma kuandika ni kijitabu kimoja cha manjano. Shangazi yangu anaishi Kizingo, katika kisiwa cha Mvita, yaani Mombasa, si mbali na mnara wa taa, na kwa miaka mingi alisomesha sayansi katika shule za msingi. Kijitabu hicho hukiweka ndani ya pasipoti yake, na pasipoti ndani ya mkoba wa ngozi aliorudi nao kutoka Madina. Ukikifungua utaona mihuri ya wino wa zambarau: homa ya manjano, homa ya uti wa mgongo, tarehe na sahihi. Saudi Arabia haimpokei hujaji asiyechanjwa dhidi ya uti wa mgongo, sharti lililotokana na mlipuko uliowakumba mahujaji mwaka 1987. Shangazi alikwenda kudungwa bila kusukumwa wala kuuliza kilichomo ndani ya kichupa. Lakini chanjo ya korona ilipofika Kenya Machi 2021, aliikataa. Nilipomuuliza kwa nini mkono uliokubali sindano ya Hija wakataa hii, alinijibu kwa utulivu: "Ile ya Maka naliifuata mwenyewe, mwanangu. Hii yanifuata mimi. Na kitu kikikufuata, kwanza ujue chataka nini."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko makala yoyote niliyosoma juu ya jambo hili, maana yanavunja maelezo tuliyoyazoea.

Maelezo ya kwanza ni yale ya upotoshaji: kwamba watu hukataa chanjo kwa kuwa wamelishwa uongo, na dawa yake ni kuwapa taarifa sahihi. Hakuna anayebisha kwamba uongo upo na kwamba umeua. Tatizo ni kwamba nadharia hii haiwezi kumweleza mtu mmoja mwenye mikono miwili yenye misimamo tofauti. Aliyewafundisha watoto wa darasa la saba habari za viini vya maradhi hakosi elimu ya viini. Tena nadharia hii ina kasoro ya kimaadili ninayoiona kubwa zaidi: humgeuza mkataaji kuwa chombo kitupu kinachosubiri kujazwa, hivyo humwondolea mtoaji wa chanjo wajibu wa kujiuliza yeye mwenyewe anaonekanaje mlangoni.

Maelezo ya pili ni ya uhuru wa mtu binafsi, na hapa nina ugomvi mkali zaidi kwa sababu wanaoyatoa hudhani wanatutetea. Huchukua hoja iliyokuzwa katika mahakama za Marekani, ambako Henning Jacobson alikataa chanjo ya ndui huko Massachusetts na mwaka 1905 Mahakama ya Juu ikaamua dhidi yake, wakaileta huku kama ilivyo: mwili ni mali yangu, usiguswe. Katika mabaraza ninayoyajua, mwili hausemwi hivyo. Mwili ni amana. Mwenyewe ataulizwa ameutumiaje, na watu wake wana haki juu yake akiwa mzima, akiwa mgonjwa na akiwa maiti. Shangazi hakuniambia mkono ni wake na atafanya apendavyo. Alitaka kujua anayeujia ni nani na anataka nini.

Lugha yenyewe inaweza kutusaidia, na naomba msomaji anivumilie nikae hapo kidogo. Neno chanjo limetokana na kuchanja, kukata au kupasua. Tunachanja kuni, na tunachanja chale. Zamani kabla ya zahanati, fundi alikata ngozi kidogo kwa wembe na kusugua dawa kwenye mkato. Yaani wazo la kupitisha kinga ndani ya ngozi iliyojeruhiwa halikuja pwani na meli ya mtu. Chanjo ya kisasa ilipewa jina la kitu kilichokuwa kikifahamika tayari. Zaidi ya hayo, kitenzi hiki kina kauli ya kutendeana. Kuchanjiana ni kuchanjana chale na kuonja damu ya mwenzio ili muwe ndugu. Baada ya kuchanjiana hamwezi kudhulumiana, kwani damu itawahukumu. Mkato ulikuwa na pande mbili, na aliyekata alibaki na deni.

Weka kando ya neno hilo neno jingine: mumiani. Johann Ludwig Krapf, mmishonari aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kukaa sana Rabai, aliliingiza katika kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882. Analieleza kuwa ni dawa ambayo watu waliamini Wazungu huitengeneza kwa damu ya binadamu. Kamusi sanifu ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1939, iliyohaririwa na Frederick Johnson, bado inaeleza kuwa uvumi wa mumiani ukizuka, watu wa mji hujifungia majumbani jua likitua. Asili ya neno ni Uajemi na Bara Hindi, na kitu chenyewe kilikuwa aina ya utomvu mweusi wa kuganga mifupa iliyovunjika. Lakini tazama tarehe. Neno lilikuwa midomoni mwa watu wa Mombasa na Rabai kabla Uingereza haijatangaza himaya yake hapa mwaka 1895, kabla ya kampeni yoyote ya chanjo, kabla ya simu zinazosambaza sauti za watu wasiojulikana. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi wa wanyonya damu Afrika Mashariki na ya Kati, ametuonyesha kwamba hadithi kama hizi ni ushahidi wa jinsi watu walivyoifikiria mamlaka. Namkubali, ila naongeza kwamba kwa Mvita mumiani ni kinyume cha kuchanjiana. Mmoja huchukua damu na kuondoka. Mwingine huonja damu na kubaki ndugu.

Najua msamiati peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Mtu haishi ndani ya kamusi. Lakini sikiliza mtaani leo: mwenye chanjo ya korona husema "nimedungwa", na ni nadra kumsikia akisema "nimechanjwa". Kudunga ni kutoboa, na katika kauli ya kutendwa anayedunga hahitaji kutajwa. Nadhani lugha imehifadhi hapa tofauti ambayo wizara haikuiona.

Basi swali la shangazi, hii yataka nini, aliliuliza katika mji wa namna gani? Mwaka mmoja kabla ya chanjo kufika, tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, polisi waliwarushia vitoa machozi na kuwapiga watu waliokuwa wakisubiri feri ya Likoni warudi kwao, na saa moja ya kafyu ilikuwa haijafika. Kizingo na kivuko hicho vimo kwenye ukingo mmoja wa kisiwa; ukiifuata barabara ya Mama Ngina, ukaipita mibuyu, utafika hapo. Wengi waliopigwa walikuwa wafanyakazi wa majumbani na madukani waliotoka kazini kwetu, na waliporudi siku zilizofuata walitusimulia. Tarehe 6 Mei, Mji wa Kale ulifungwa, watu wasiingie wala kutoka, na ulifunguliwa mwanzoni mwa Juni. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba wakazi walikuwa wamekataa kupimwa. Walikataa, ndiyo. Lakini aliyepatikana na ugonjwa wakati huo alipelekwa karantini, na watu wengi waliowekwa karantini walidaiwa gharama za kila siku kabla serikali haijabadili msimamo. Kukubali kijiti puani kulimaanisha kuhatarisha pesa za matumizi ya mwezi mzima na jina la nyumba. Kwa mazingira hayo siwezi kuuita ukataaji ule ujinga. Ilikuwa hesabu.

Serikali ile ile ndiyo ilirudi mwaka 2021 ikaomba mkono.

Kesi ya pepopunda ya mwaka 2014 inafundisha jambo jingine, na inanipa shida zaidi. Baraza la Maaskofu Katoliki la Kenya lilidai kwamba chanjo iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa umri wa kuzaa ilitiwa hCG, homoni ya ujauzito, ili kuwafunga kizazi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha na kueleza kwamba vipimo vilivyotegemewa havikukusudiwa kupima chanjo. Mimi naamini kanusho hilo. Chanjo ile iliwekwa kuwakinga watoto wachanga wasife kwa pepopunda ya kitovu, na walikuwa wakifa hivyo kweli. Hata hivyo, dai halikutoka hewani. Utafiti wa chanjo ya kuzuia mimba iliyounganisha hCG na sumu ya pepopunda iliyodhoofishwa ulifanyika, G. P. Talwar na wenzake nchini India walichapisha matokeo yao mwaka 1994, na Shirika la Afya Duniani lilikuwa na mpango wake wa utafiti wa chanjo za namna hiyo. Mwanamke aliyeuliza alistahili kuambiwa historia hiyo waziwazi, pamoja na sababu ya kampeni kuwalenga wanawake peke yao. Nakumbuka barazani kwetu, palipojaa Waislamu, tamko la maaskofu lilivyopokewa bila mtu kujali limetoka kanisani. Jibu la wataalamu lilikuwa kwamba chanjo ni salama. Lilikuwa jibu la kweli, lakini halikuwa jibu la kilichoulizwa. Miaka 5 baadaye, Oktoba 2019, Rais Uhuru Kenyatta alipozindua hapa Mombasa chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana wa miaka 10, mama wengi walirudia swali lile lile: kwa nini wasichana tu?

Nitapingwa kwamba maradhi hayangoji adabu. Surua ikiingia mtaani, kinga ya jamii huhitaji watoto takriban 95 kati ya 100 wawe wamechanjwa, na mtoto hawezi kutoa idhini yake. Kuhusu watoto nakubali, na hoja yangu haiwagusi: mzazi ni mshika amana, na mshika amana hana ruhusa ya kuiacha iharibike. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo, inayotaka idhini ya mgonjwa aliyeelezwa, imeacha nafasi pale afya ya umma inapokuwa hatarini sana. Ninachokataa ni kuigeuza nafasi hiyo finyu kuwa lango kuu, ili kila mtu mzima aingie humo kwa hofu ya kunyimwa pasipoti.

Kisha yupo Ali Maow Maalin wa Merca, pwani ya Banadir, upande wa juu tu wa Barawa wanakosema Chimwini, lugha ndugu ya Kiswahili. Alikuwa mpishi wa hospitali, aliwahi kufanya kazi katika kampeni ya kuangamiza ndui, na bado aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Oktoba 1977 akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui ya asili. Wanaotetea kulazimisha humtaja kama mfano wa gharama ya woga. Mimi hutazama maisha yake ya baadaye: alifanya kazi katika kampeni za polio nchini Somalia, akiwaendea wazazi waliositasita na kuwaambia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kukwepa, na yaliyompata. Alifariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo. Mlango ulimfungukia kwa sababu aliyebisha hodi alikuwa na kovu, na hakulificha.

Kampeni za nyumba kwa nyumba haziwezi kuachwa. Zimekuwa sehemu ya juhudi za kupambana na polio Kenya. Lakini mtoaji chanjo akimaliza hutia alama ya wino kwenye kidole kidogo cha mtoto, kisha huandika kwa chaki ukutani au mlangoni idadi ya watoto na tarehe. Ukipita Mji wa Kale utaiona chaki hiyo kando ya milango ya nakshi. Kwa msimamizi wa kampeni ni takwimu. Kwa mwenye nyumba ni maandishi aliyoandikiwa mlangoni mwake bila kuombwa ruhusa, na aliyeandika hatarudi. Ningependa kaunti ijaribu jambo dogo: kila nyumba iachiwe jina na nambari ya simu ya mhudumu wa mtaa ule ule, atakayepokea baada ya kampeni kwisha. Huenda idadi isipande. Nashuku itapanda sana, kuliko kwa agizo lolote la waziri.

Shangazi alichanjwa Januari 2022, wakati agizo la cheti lilikuwa limeshasimamishwa. Alimwendea muuguzi aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, wakazungumza karibu saa nzima, sehemu kubwa ikiwa habari za watu wa nyumbani. Muuguzi alimwambia wazi kwamba wengine hupata homa na mkono huuma, kisha akaandika nambari yake nyuma ya karatasi ya chanjo. Usiku ule mkono ulivimba. Shangazi alipiga simu saa nne, akaambiwa anywe panadoli na asiulalie mkono huo, na alfajiri kabla ya adhana simu yake ikalia: ni muuguzi, akiuliza umelalaje.