Imeingia ao Haijaingia? Historia ya Simu Iliyojifunza Kujibu

Leo siye vijana wa Buterere tuko na historia ya programu za simu: kwa nini zingine mtu anazitumia kwa raha, na zingine anazigusa huku roho ikimdunda.

Tuanze na mama mmoja jirani yetu. Alikimbia kutoka Kivu kama wengi wetu, na sasa anaishi huku kaskazini ya Bujumbura, upande wa uwanja wa ndege, si mbali na jalala kubwa la mji. Mwaka jana alipewa simu ajaze fomu ya msaada. Fomu ilikuwa ya Kifaransa. Akaijaza kwa shida, akabonyeza kitufe cha mwisho, kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka wee! Akatuuliza, "Watoto, imeingia ao haijaingia?" Hatukujua la kumwambia. Akabonyeza tena.

Kumbe mara ya kwanza ilikuwa imeshaingia. Jina lake likaonekana mara mbili, likawekwa pembeni pamoja na majina ya watu wanaodhaniwa kudanganya. Ikachukua miezi mitatu kulirekebisha. Miezi mitatu hiyo nyumba yake ilikula mara moja kwa siku.

Tangu hapo hilo swali lake limetukaa kichwani. Tukaanza kutafuta: nani aliwahi kulijibu vizuri, na alifanyaje?

Jibu la kwanza tulilikuta Kenya. Mwaka 2005 kampuni ya Vodafone, pamoja na Safaricom, ilianza jaribio la M-Pesa. Sehemu ya pesa ilitoka kwa serikali ya Uingereza. Waliolisimamia ni Nick Hughes na Susie Lonie. Walilenga kitu kidogo tu: wateja wa shirika la mikopo la Faulu walipe mikopo yao kwa simu. Wateja walikuwa karibu 500, Nairobi na Thika.

Lakini watu wakaanza kuitumia wanavyotaka wenyewe. Mmoja alimlipia mwenzake mkopo. Mwingine aliwatumia wazazi pesa kijijini. Mwingine aliweka pesa kwenye simu kabla ya safari, akazitoa akifika, ili wezi wasimkute nazo njiani. Wale wasimamizi hawakuwakataza. Waliangalia, wakajifunza, wakapunguza mambo ya mikopo. M-Pesa ilipofunguliwa kwa watu wote Machi 2007, ujumbe wake mkubwa ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani. Kabla mwaka haujaisha, wateja walikuwa wamepita milioni moja.

Sasa angalia ilivyotengenezwa. Haikuhitaji simu ya bei. Menyu yake iliwekwa ndani ya laini yenyewe, basi hata simu ya tochi iliweza. Ilikuuliza jambo moja moja: namba ya mtu, kiasi, namba ya siri, kisha ikakuonyesha yote uhakikishe. Ukimaliza, ujumbe ulikuja kwako na mwingine ukaenda kwa uliyemtumia: kiasi gani, kwa nani, umebaki na ngapi. Mama wa sokoni hakuwa na haja ya kuuliza kama imeingia. Simu yenyewe ilimwambia.

Hata hivyo palikuwa na tundu. Jina la uliyemtumia ulilipata baada ya pesa kuondoka. Ukikosea tarakimu moja, pesa imeenda kwa usiyemjua, na kuirudisha ni vita. Mwaka 2015 Safaricom ikaleta huduma iliyoitwa Hakikisha: jina linatokea kwanza, na unapewa sekunde chache za kusimamisha. Jina lile lile, limesogezwa tu kutoka baada hadi kabla. Sekunde hizo chache zinaweza kuokoa karo ya mtoto.

Mwaka huo huo wa 2007, mwezi Januari, huko Marekani Steve Jobs alionyesha iPhone. Watu walishangaa kioo chake, lakini siye tulipenda jambo moja dogo lililotengenezwa na mbunifu Bas Ording. Ukisogeza orodha ya majina mpaka mwisho, haisimami ghafla kama gari lililogonga ukuta. Inavutika kidogo kama mpira, kisha inarudi. Wengi wanaona ni urembo. Lakini orodha ikisimama ghafla, mtu anaweza kudhani simu imekwama. Ule mpira unamwambia: simu iko nzima, ni majina tu yameisha. Simu ya bei kubwa na ile ya tochi zilikuwa zinajibu hofu moja.

Jibu la tatu mnalo mkononi sasa hivi. Jan Koum alizaliwa Kyiv, Ukraine. Mwaka 1992, akiwa na miaka 16, alihamia Marekani na mama yake. Waliishi kwa msaada wa chakula wa serikali, naye akafagia duka ili wapate kitu. Mwaka 2009 alianzisha WhatsApp, akashirikiana na Brian Acton. Waliifanya iende hata kwenye simu za Nokia za kawaida, na walikataa kuijaza matangazo. Mwaka 2014 Facebook ilikubali kuinunua kwa dola bilioni 19.

Na vile vitiki? Kimoja: ujumbe umetoka. Viwili: umefika. Novemba 2014 vikaongezwa rangi ya buluu: umesomwa. Hapo watu wengi walilalamika, maana ilionekana wazi kwamba umesoma na hukujibu. Haikupita muda wakapewa njia ya kuzima ile buluu. Tunajifunza hata hapo: kujibu kuna kipimo chake. Programu imjibu mwenye simu bila kumpeleleza. Mkimbizi anaelewa hilo haraka kuliko mtu yeyote.

Sisi wenyewe, kompyuta tunayo moja na umeme unakuja unapotaka. Basi tukaanza na karatasi. Tulichora ile fomu upya, kila ukurasa karatasi yake, tukampa mama yule yule. Tukakubaliana: hakuna kumwelekeza, hakuna kumsaidia, kuangalia tu. Ilikuwa vigumu kunyamaza! Kwenye neno la Kifaransa la kitufe cha mwisho alisimama muda mrefu, kidole kikiwa hewani. Tukalifuta, tukaandika "Tuma". Baada ya kubonyeza, tukamwekea karatasi nyingine: "Imefika. Usibonyeze tena. Namba yako ni hii." Akaisoma polepole, kisha akaikunja, akaiingiza kwenye kitenge chake. Tukamwambia, mama, hiyo ni ya mchezo tu. Akasema, "Hata. Nitaichunga."

Hapo ndipo tulielewa kile watu wanaita programu nzuri. Rangi ni nzuri, picha ni nzuri, nasi tunazipenda. Lakini raha yenyewe inaanza pale mtu anapoacha kuogopa kidole chake.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa mashirika, tunawaomba matatu. Fomu iseme lugha ya anayeijaza. Ikimaliza kupokea, iseme imepokea, na mtu akikosea aweze kurudi nyuma. Tena, kabla ya kuipeleka kwa watu elfu, njoo ukae na watu watano, uwape simu, unyamaze, uangalie. Nairobi na Thika walianza na watu 500, na watu wale waliwafundisha wakubwa kazi.

Huku Buterere hatuna ofisi. Tuko na mkeka, karatasi, na mama ambaye hataki kudanganywa na kiduara tena. Karibuni.